Jina la mama tusiyemjua katika daftari la ubatizo: niseme mbele ya ukoo au ninyamaze?

Mjukuu wa Kondoa ameuliza:

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu nawasalimu. Naandika nikiwa Dodoma mjini, ila jambo lenyewe ni la kijijini kwetu Kondoa, na kwa wiki tatu sasa halijanipa usingizi.

Ukoo wetu umepanga kukutana mwezi Desemba, matawi yote, Waislamu kwa Wakristo, nami nikapewa kazi ya kuandika nasaba ili vijana wajue nani ametokana na nani. Babu yangu mzaa baba alifariki mwaka 1991. Sisi sote tumekua tukihesabu kwamba yeye ni mtoto wa tatu wa mzee aliyefungua makazi yetu, na hakuna aliyewahi kutia shaka. Ili nipate angalau mwaka wa kukadiria wa kuzaliwa kwake, nilimwandikia paroko barua, akaniruhusu kuangalia daftari la ubatizo katika misheni ambako babu alibatizwa mwaka 1934.

Ni daftari kubwa, lenye jalada la kitambaa lililoliwa na mchwa pembeni, na wino wake umegeuka rangi ya kahawia. Siku ile walibatizwa watu wanne. Kwenye mstari wa babu, mahali pa jina la baba pameandikwa Kilatini: *pater ignotus*. Mahali pa mama pana jina moja tu, ambalo sitaliandika hapa, na ambalo sijawahi kulisikia nyumbani. Kisha kwa herufi ndogo zaidi: *ex Ugogo, tempore famis*. Katekista mzee aliyekuwa amekaa nami alinitafsiria: baba hajulikani; ametoka Ugogo, wakati wa njaa. Umri wake ulikadiriwa kuwa miaka 20.

Nilikwenda kwa shangazi yangu, binti mkubwa wa babu, ambaye ana miaka 84 na akili yake ni timamu kabisa. Nilimkuta kivulini akipepeta uwele. Nilimsomea mstari ule kama nilivyounakili. Aliuweka ungo chini taratibu, akajifunga khanga yake upya, akakaa kimya muda mrefu, kisha akasema, “Mwanangu, hilo liache huko huko kwenye kitabu.” Hakukana. Hakuuliza nimelipata wapi. Ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa akijua.

Tangu siku hiyo mambo ya zamani yananirudia moja moja. Babu hakula moyo wa mbuzi, ingawa ndugu zake walikula. Kila mwaka baada ya mavuno alisafiri kwenda Bahi, huko Ugogo, akisema anakwenda kutafuta ng'ombe wa kununua, na sikumbuki hata mara moja aliporudi na ng'ombe. Juu ya jiko palining'inia kibuyu cha uwele ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukigusa, hata mwaka ambao sote tulishindia mlenda.

Nina maswali matatu. Je, wapo wengine ambao familia zao zimepitia jambo kama hili, na njaa hiyo ni ipi? Nitathibitishaje bila kutegemea mstari mmoja wa Kilatini? Na la tatu, ambalo ndilo linaloniumiza: niandike katika nasaba, au nimtii shangazi? Kuna tawi moja ambalo miaka michache iliyopita tuligombana nalo kuhusu shamba la babu, na nachelea wakisikia kwamba babu hakuzaliwa na mzee yule watasema hatukuwa na haki tangu mwanzo.

---

Binti wa Manyoni amejibu:

Pole sana kaka. Nitaanza na swali lako la tatu kwa sababu hilo ndilo lililotuchoma sisi. Usiliseme kwenye mkutano. Sisemi ulifiche milele. Nasema lisitoke kinywani mwako kabla halijatoka kinywani mwa shangazi.

Kaka yangu anaishi Marekani. Alituma mate yake kwa kampuni inayopima vinasaba, kwa kutaka tu kujua asili yetu, na majibu yakaja na jina la mwanamume wa miaka 58 ambaye wanashirikiana naye vinasaba kwa takriban asilimia 25. Kampuni ilieleza kwamba huyo huenda ni ndugu wa mzazi mmoja. Kaka, bila kumpigia baba simu, aliweka picha ya majibu hayo kwenye kundi la WhatsApp la familia. Ndani ya saa moja baba yetu, mzee wa miaka 75, mwalimu wa kwaya, alikuwa amekwisha kuhukumiwa kwamba alizaa nje akiwa kijana wa miaka 17. Mama alihamia kwa dada yangu. Tuliishi hivyo kwa miezi minne.

Ambacho hakuna kati yetu aliyekijua ni kwamba asilimia 25 haina maana moja. Mtoto wa baba mmoja na wewe kwa mama tofauti huonekana hivyo, lakini baba mdogo na mjomba nao huonekana hivyo hivyo, na babu pia. Baba alipokubali kupimwa ili kujisafisha, ilibainika kwamba yule bwana ni mdogo wake wa tumbo moja, ambaye bibi alimtoa akiwa mchanga kwa ndugu yake asiyebahatika kupata mtoto, na watu wakanyamaza ili yule mama asionekane si mama. Baba alisimangwa kwa kosa ambalo hakulitenda, na aliyelipia ni yeye, si kaka aliyelitangaza.

Kaka yangu, karatasi unayo, lakini simulizi huna. Mwenye nayo ni shangazi.

---

Mwalimu Mstaafu, Mpwapwa amejibu:

Marahaba, mjukuu wangu. Mbukwa. Nimeanza na salamu ya Kigogo kwa makusudi, maana kwa maelezo yako nawe ni wa kusalimiwa hivyo.

Njaa hiyo bila shaka yoyote ni Mtunya. Wazee wetu Ugogo wamepata kuziona njaa nyingi na kila moja ina jina lake, lakini hii ndiyo iliyobaki vinywani, na jina lenyewe linabeba maana ya kunyang'anyana. Ilianza mwaka 1917 na kuendelea hadi 1920, na mvua peke yake haikutosha kuileta. Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyoitengeneza. Wajerumani walikuwa na reli iliyofika Dodoma mwaka 1910, na vita vilipoanza walikusanya ng'ombe, mtama na uwele wa watu wetu kwa ajili ya askari wao, wakachukua na wanaume kuwa wapagazi. Kondoa kwenu Waingereza waliingia Aprili 1916, na mwezi uliofuata pakapigwa vita vikali pale. Dodoma wakaingia Julai mwaka huo huo. Nao wakafanya yale yale: ng'ombe, nafaka, wapagazi. Jina la Kariakoo kule Dar es Salaam limetokana na kikosi hicho cha wapagazi wa Waingereza. Sasa fikiri: nyumba isiyo na akiba ghalani, isiyo na ng'ombe wa kubadilisha kwa nafaka, isiyo na mwanamume wa kulima, kisha mvua inagoma. Kabla watu hawajasimama, yakaja na mafua makali yaliyoizunguka dunia mwishoni mwa vita. Inakadiriwa kwamba kati ya watu 150,000 wa Ugogo, kiasi cha 30,000 walikufa.

Waliobaki na nguvu walitembea. Walikwenda Irangi, yaani huko kwenu Kondoa, Usandawe, Ukaguru, Uhehe, popote waliposikia kuna chakula. Wako waliofika na watoto na hawakuwa na kitu cha kutoa ila watoto hao.

Hapa nakuomba, kwa heshima zote, uchunge neno utakaloliandika. Usiandike kwamba babu yako “aliuzwa”. Bibi yangu mzaa mama alizaliwa kabla ya njaa hiyo na alipoteza dada yake ndani yake. Sikumsikia hata siku moja akisema waliuzwa. Alisema “waliwekwa”, kama mtu anavyoweka mali yake kwa jirani akitumaini kurudi kuichukua. Mzazi alipewa debe au kikapu cha nafaka, mtoto akabaki kwenye nyumba yenye moto, na makubaliano yalikuwa kwamba mvua ikinyesha, mzazi akiwa hai, atarudi na mbuzi au ng'ombe kumkomboa. Wengine walirudi. Dada yake bibi hakurudiwa na mtu, kwa sababu aliyemweka alifia njiani.

Soma sasa safari za babu yako za Bahi ukiwa na neno hilo mkononi. Mimi sioni mtu anayetafuta ng'ombe. Naona mtoto aliyewekwa, ambaye hakurudiwa, akaamua kurudi mwenyewe kuwatafuta waliomweka.

Kwa nini ikawa siri? Nitakupa maoni yangu, na uyachukue kama maoni. Mwaka 1922 serikali ya Waingereza ilitunga sheria iliyofuta utumwa Tanganyika. Nyumba iliyokuwa na mtoto aliyepokewa kwa nafaka ingeweza kuhofu kwamba wenye mamlaka hawatatofautisha kuweka na kuuza. Njia iliyo salama kuliko zote ilikuwa kumhesabu kuwa mtoto wa kuzaa, kumpa jina, kumwozesha na kumpa shamba. Siri ilimkinga mpokeaji, lakini ilimkinga na mtoto pia, asije akatukanwa kisimani. Wazee waliokuwa na siri hiyo hawakuwa waongo.

Kuhusu moyo wa mbuzi, hilo si dogo. Kila ukoo wa Kigogo una muzilo wake, yaani mwiko, kitu ambacho wenye ukoo hawali au hawagusi, na una mulongo wake, jina la sifa ambalo watu huitana katika salamu. Muzilo mmoja huweza kushirikiwa na koo kadhaa, kwa hiyo peke yake hautakufikisha nyumbani. Lakini kama shangazi anakumbuka neno lolote ambalo babu alijitamkia alipopiga chafya, alipokunywa pombe ya mtama, alipombeba mjukuu mgongoni, liandike kama lilivyo hata kama hulielewi, kisha lipeleke kwa wazee wa Bahi. Mtoto wa miaka mitano husahau njia ya kwao, ila mwiko wa nyumbani na jina la kubembelezewa havimtoki.

Na wala usione haya kwamba umetoka kwingine. Ukikaa na wazee wa Ugogo wakakuhadithia koo zao, utakuta karibu kila ukoo unaanza kwa “tulitoka”: wengine Uhehe, wengine Unyamwezi, na wengine huko huko Irangi.

---

Mjukuu wa Kondoa amejibu:

Mwalimu, nimesoma maneno yako mara tatu, na mara ya tatu nililazimika kutoka nje. Neno “waliwekwa” sikuwa nalo. Dada wa Manyoni, nakushukuru, na pole kwa yaliyomkuta mzee wetu. Mkutanoni sitasema lolote bila idhini ya shangazi.

Nina hofu moja zaidi. Hilo *pater ignotus*, je, maana yake si kwamba alizaliwa nje ya ndoa? Nahisi hilo ndilo litakalomuumiza shangazi kuliko njaa yenyewe.

---

Katekista wa Zamani amejibu:

Hapana, bwana, na hilo naomba ulitoe moyoni leo. Nimeandika madaftari ya parokia kwa miaka 27, huku Singida, na nimeyasoma ya mapadre walionitangulia. *Pater ignotus* ni maneno ya mwandishi aliyefika kwenye nafasi ya baba akakosa cha kuandika. Huandikwa kwa mtoto ambaye mama hakumtaja baba, ni kweli, lakini huandikwa pia kwa mtu mzima anayebatizwa ambaye hakumbuki jina la baba yake. Babu yako alikuwa na miaka ishirini na alikuwa amekuja akiwa mdogo mno. Alikumbuka jina la mama. Watoto wengi wa umri ule humwita baba “baba” tu.

Tena ona jambo ambalo naona umelipita. Watu wa nyumbani walikuwa na jina la baba la kumpa, jina la yule mzee aliyemlea, na padre angeliandika bila kuuliza mara mbili. Babu yako hakulitoa. Mbele ya padre alikataa kusema uongo, na akataja jina la mama ambaye hakuwa amemwona kwa miaka kumi na mitano.

Sasa kuhusu uthibitisho. Mstari wa ubatizo haukai peke yake. Kwanza, angalia pembeni mwa ukurasa. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliagiza kwamba kipaimara na ndoa ya mtu viandikwe pia kwenye mstari wake wa ubatizo, kwa hiyo pale pembeni unaweza kukuta tarehe na mahali alipofungia ndoa. Nenda kwenye daftari la ndoa la mahali hapo, kwa sababu kabla ya ndoa padre huwauliza wachumba habari za wazazi na asili yao ili kuhakikisha hawana udugu, na alichojibu mwaka huo huenda ni kirefu kuliko alichojibu 1934. Pili, soma jina la msimamizi wake wa ubatizo. Mara nyingi ni mtu aliyemjua vizuri. Tatu, baadhi ya misheni zilikuwa na daftari la hali ya familia, nyumba kwa nyumba, na humo mtu aliyekuja kutoka mbali hutajwa hivyo.

Na la nne, ambalo mimi ningelianza. Umesema siku ile walibatizwa watu wanne. Umemsoma mmoja. Rudi ukawasome watatu waliobaki.

---

Wakili, Dodoma amejibu:

Nitajibu suala la shamba kwa ufupi, kwa sababu kabla sijaendelea nahitaji kujua jambo moja: babu alilipataje shamba hilo?

---

Mjukuu wa Kondoa amejibu:

Aligawiwa na kijiji mwaka 1975, wakati wa kuhamia vijijini. Makazi ya zamani yakabaki mahame. Ametumia shamba hilo hadi kufa kwake, kisha baba yangu, na sasa kaka yangu.

---

Wakili, Dodoma amejibu:

Basi hofu yako haina mguu wa kusimamia. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, katika kifungu cha 15, inauthibitisha ugawaji wa ardhi uliofanywa vijijini kati ya tarehe 1 Januari 1970 na tarehe 31 Desemba 1977. Babu yako hakulirithi shamba lile kutoka kwa mzee aliyemlea. Alipewa na kijiji, yeye kama yeye. Hata bila kifungu hicho, anayetaka kudai ardhi mahakamani amewekewa ukomo wa miaka 12, na ninyi mko pale kwa zaidi ya miaka arobaini. Swali la nani alimzaa babu halimpi mtu yeyote hata hatua moja ya shamba hilo. Mwambie shangazi jambo hili mapema. Wazee wengi hutunza siri kwa ajili ya ardhi tu.

Kuhusu kupima vinasaba, kwa kuwa huenda mtu akakushauri: hapa nchini jambo hilo linasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009, chini ya Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na maombi ya uhalali wa mtoto hupitia kwa wahusika waliotajwa na sheria, kama mahakama, wakili au ofisa ustawi wa jamii. Kipimo kinachofuata mstari wa wanaume, baba hadi mwana, kingeweza kuonyesha kama wewe na wajukuu wa yule mzee mlitokana na mwanamume mmoja. Lakini hilo daftari limekwisha kukujibu. Kipimo hicho hakitakuambia mama yake babu alizikwa wapi. Nisingemwomba mtu wa ukoo wako mate kwa ajili ya swali ambalo jibu lake unalo.

---

Mjukuu wa Kondoa amejibu:

Nimechelewa kurudi kwa sababu nilikuwa Kondoa, na jambo limekwenda mahali ambapo sikulitarajia. Naandika kwa ruhusa ya shangazi.

Katekista, nilifanya ulivyoniagiza. Mstari wa kwanza na wa nne wa siku ile ni wa watoto wachanga, wenye baba na mama. Mstari wa tatu ni wa babu. Mstari wa pili ni wa mwanamke aliyekadiriwa miaka 23. *Pater ignotus. Ex Ugogo.* Na katika nafasi ya mama, lile jina.

Niliweka kidole kwenye jina la mstari wa pili na kingine kwenye jina la mstari wa tatu, nikalinganisha herufi kwa herufi. Mkono ni uleule, jina ni lilelile. Katekista aliyekuwa nami alivua miwani, akaifuta, akasoma tena.

Mwanamke huyo namfahamu kwa jina, na pale kijijini kila mtu wa rika la baba yangu anamfahamu. Aliolewa ng'ambo ya korongo, akazaa watoto saba, akafariki mwaka 1978. Kwetu alikuwa jirani tu. Baba yangu aliwahi kunisimulia kwamba babu alikuwa akishuka korongoni asubuhi, anasimama upande huu, anaita “Mbukwa!”, na yule mama anaitika kutoka upande wa pili. Watoto waliona ni mchezo wa wazee wawili. Walikuwa wamewekwa katika nyumba mbili tofauti, katika njaa moja, na kumbe kila asubuhi walikuwa wakihakikishiana kwamba wamo.

Nilirudi kwa shangazi nikiwa peke yangu. Nilianza na maneno ya wakili kuhusu shamba, na nikaona mabega yake yameshuka kidogo. Kisha nikamwambia kuhusu maana ya *pater ignotus* kama ilivyoelezwa hapa, na kwamba baba yake alikataa kusema uongo mbele ya padre. Alitikisa kichwa, akatabasamu kwa mara ya kwanza. Akaniambia kwamba babu alimhadithia habari za njaa mara moja tu, usiku wa msiba wa bibi, akamwapisha asiseme wadogo zake wakiwa hai. Wa mwisho wao, baba yangu, alifariki miaka miwili iliyopita. Kiapo kilikuwa kimekwisha, lakini alikuwa amekibeba muda mrefu kiasi kwamba hakujua kukitua.

Ndipo nikamsomea mstari wa pili.

Shangazi hakuwa akijua hilo. Babu alimwambia kuhusu njaa, hakumwambia kuhusu dada. Alinitaka nisome tena, nikasoma. Akaniuliza kama nina hakika na jina, nikamwonyesha picha niliyopiga kwa simu, ingawa hasomi herufi za mkono wa zamani. Akakaa. Kisha akasema, akitazama ng'ambo ya korongo, “Kumbe ndiyo sababu.”

Mwaka wa Uhuru, 1961, shangazi akiwa binti wa miaka ishirini, kijana wa kwanza wa yule mama alileta posa. Walikuwa wanapendana, na nyumba zote mbili zilikuwa zinapatana. Babu alikataa. Hakutoa sababu. Yule mama naye, ambaye ilitazamiwa amtetee mwanawe, alinyamaza. Watu walisema babu ana kiburi, anataka mkwe mwenye ng'ombe wengi zaidi. Shangazi aliozwa mbali miaka miwili baadaye, akaishi vizuri na marehemu mume wake, lakini kwa zaidi ya miaka sitini aliamini kwamba baba yake alimwona yule kijana hafai. Walikuwa mtoto wa kaka na mtoto wa dada, na wazee wawili waliokuwa wakijua hawakuweza kutoa sababu bila kufungua yote.

Mwalimu, nilimuuliza kuhusu neno la kubembelezea. Analo. Nimeliandika kama alivyolitamka, na baada ya mkutano nitalipeleka Bahi, pamoja na ule mwiko wa moyo wa mbuzi. Dada wa Manyoni, sitasema chochote Desemba. Shangazi atasema mwenyewe, ameketi kwenye kiti chake, na kazi yangu itakuwa kumshikia daftari la nakala. Kuhusu nasaba, ameniagiza niandike yule mzee kuwa baba yake babu, kwa sababu alimlisha na kumwoza, na chini yake niandike jina la yule mama wa Ugogo, peke yake, kwa herufi kubwa.

Jana jioni alinitaka niandike barua ya kuwaalika watu wa ng'ambo ya korongo waje kwenye mkutano. Yule kijana wa posa bado yuko hai, ni mzee wa miaka 86, haoni vizuri. Shangazi alinitajia maneno, nami nikaandika kwa mkono, maana hakutaka ya kompyuta. Tulianza: “Kwa majirani zetu wapenzi.” Nilikuwa nimekwisha kufika mstari wa nne aliponisimamisha, akaniuliza juu pameandikwaje. Nikamsomea. Akaniambia nichukue karatasi nyingine, nianze upya, niandike “Kwa ndugu zetu.”

Nimeipeleka leo asubuhi kwa miguu, kwa njia ya korongoni.